Mshahara wa Juu na Mshahara wa Chini

"Nimetoka kuongea na mama yako."

Ngano alikuwa anavua viatu mlangoni. Mkono ukaganda kwenye kamba.

"Mama yangu mimi?"

"Kwani unao wangapi? Nimempigia kumuuliza kama dawa za presha zimemfikia. Kaniambia, 'Dawa gani, mwanangu? Mimi presha sina.'"

Mchumba wake, fundi cherehani, hakupandisha sauti. Alikata uzi kwa meno, akaendelea kushona. Hapo ndipo Ngano alipoogopa. Angefoka, ingekuwa nafuu.

"Miezi yote hii hela haitoshi kwa sababu unamtibu mama. Nikakusifia kwa ndugu zangu mpaka mate yakanikauka. Sasa niambie, unayemtibu ni nani? Mzuri?"

"Hakuna mwanamke, haki ya Mungu!"

"Basi hela zimeota mbawa."

Simu ya Ngano ikalia. Ujumbe wa mama: "Umenifanya mgonjwa mbele ya mkwe wangu. Ukitaka kuzika, anza na huo uongo."

Uso ulimwaka Ngano kama aliyefungua oveni. Siku ya posa alikaa mbele ya wajomba, kifua mbele, akautaja mshahara ulioandikwa kwenye mkataba wake wa kiwanda cha mikate. Mjomba mkubwa akakohoa kwa heshima. Fungu lile, Ngano hajawahi kulishika hata mwezi mmoja.

Akachomoa mfukoni hati ya mshahara, imekunjwa mpaka imekuwa kama kitufe.

"Nilitia hasara kazini. Wiki ya kwanza niliunguza mikate, trei kwa trei. Ndiyo maana wananikata."

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Nilipokuwa kibarua, mkate ukiungua unakatwa jioni ile ile. Mwanaume gani atamwambia mchumba wake kwamba kila mwezi analipia makaa?"

"Ukaona bora mama augue."

Ngano akatazama vidole vyake vya miguu.

Fundi aliikunjua ile karatasi, akaipitishia pasi, akasoma.

"Kodi ya mapato. Hifadhi ya jamii. Bima ya afya. Mikate iko wapi hapa?"

"Haipo?"

"Kwani wewe ulisoma?"

"Nilisoma juu na chini."

"Na katikati?"

"Katikati palinitia aibu."

"Mpigie mhasibu wenu. Weka spika."

Mhasibu alicheka mpaka akapaliwa.

"Ngano! Mikate ile tuliinywea chai huku ofisini! Hujakatwa hata senti. Sikiliza. Ule wa juu ni mshahara kabla ya makato. Kwanza inatoka hifadhi ya jamii, akiba yako ya uzeeni, na kiwanda kinaongezea fungu lake. Kinachobaki ndicho kinachopigiwa kodi, tena si chote. Sehemu ya mwanzo haiguswi. Kinachozidi ndicho kinakatwa, ngazi kwa ngazi. Halafu bima. Ule wa chini ndio wa mkononi. Na mbona fomu ya bima hujarudisha? Kuna nafasi ya mwenza na ya mzazi."

"Ya mzazi?"

"Eeh. Mama yako angekuwa anatibiwa kwa makato hayo hayo, muda wote huu."

Simu ikakatika. Ngano akakaa chini, sakafuni, kwenye vipande vya nguo. Mama yake alikuwa anachechemea. Goti lilimsumbua tangu mwaka jana. Ugonjwa asiokuwa nao, mwanawe kampa. Alionao, hajauona.

"Kila nguo ninayoshona," fundi alisema taratibu, "kitambaa kingine kinaingia kwenye mishono. Hakuna mteja aliyeniita mwizi kwa hilo. Ila ningemwambia kimeliwa na panya, angeondoka."

"Unaondoka?"

"Wajomba uliwatajia ule wa juu. Jumapili utawatajia ule wa chini, kwa mdomo wako. Mimi sitakusaidia hata neno. Ukimaliza, utasikia jibu langu."

Ngano akabaki na simu mkononi, akatafuta namba ya mama.

"Mama, nisamehe. Goti linaendeleaje?"

Mama akaguna.

"Leo ndio umeliona?"

Jumapili hakuwa na kifua mbele. Alisimama, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa, akataja mshahara wa chini. Akaeleza makato moja moja. Akaeleza mikate. Akaeleza na uongo wa presha, mama yake akiwa ameketi pale pale, mguu ameunyoosha.

Shangazi mmoja akacheka puani. Ngano akatamani ardhi impasukie.

"Kwa hiyo ule wa kwanza ulikuwa wa nini?" mjomba mkubwa akauliza.

"Wa kujikweza, mjomba."

"Hm." Mzee akamgeukia fundi. "Umesikia, binti yetu. Unasemaje?"

"Ule wa juu mimi sijawahi kuuona, mjomba. Nimeuzoea wa chini."

Akamtazama Ngano kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Mwambieni kesho arudishe fomu ya bima. Aanze kumwandika mama. Akimaliza, kwenye nafasi ya mwenza, jina langu analijua."