Mpaka Uliohama Mita Mia Mbili

Jumamosi soko la Kapani, mjini Thesaloniki, Ugiriki, hujaa mpaka watu wanapita kiubavu. Anestis alisimama mbele ya kibanda cha zeituni, shati la buluu limekosa kifungo, begi la kompyuta mgongoni. Alionja zeituni ya kwanza, ya pili, ya tano, akaendelea.

“Kaka, unanunua au unapata kifungua kinywa?” aliuliza muuzaji, binti mwenye aproni ya kijani na nywele zilizofungwa kwa skafu nyekundu.

“Nafanya utafiti, dada.”

“Utafiti wako umefikia kokwa kumi na mbili. Nazihesabu.”

Akanunua kilo mbili, na anaishi peke yake! Jumamosi iliyofuata akarudi, kifungo kimeshonwa. Pelagia, maana ndilo lililokuwa jina la binti, alikiona mara moja akacheka. Jioni walitembea ufukweni wakigawana mkate wa ufuta.

“Hebu niambie, kazi yako hasa ni ipi?”

“Nakata picha.”

“Za harusi?”

“Za setelaiti. Picha moja inachukua mkoa mzima. Mimi nina mipaka ya kila shamba. Naandika maelekezo kwa Python, lugha ya kompyuta, nayo kompyuta inafuata mpaka, inabakiza kilicho ndani. Cha nje chote kinakuwa cheusi. Kama mama anavyokata biskuti kwa kikombe.”

“Kumbe nimepata mpishi!”

Walipendana, na hawakuficha. Mwezi wa nane moto ukapita mkoa wa Halkidiki, ukala mizeituni ya kijiji cha Mzee Lambros, baba yake Pelagia. Ofisi ya Anestis ikapewa picha iliyopigwa baada ya moto, aikate shamba kwa shamba, ili walioungua wapewe miche mipya. Orodha ilipobandikwa kijijini, jina la Mzee Lambros halikuwemo.

Pelagia alipiga simu papo hapo.

“Anestis, shamba la baba halikuungua?”

“Nimeliangalia mara mbili, kwa macho yangu. Miti yote ni ya kijani.”

“Nimekanyaga majivu yake kwa viatu hivi!”

“Labda ulikanyaga ya jirani. Picha haidanganyi, mpenzi.”

“Kwa hiyo anayedanganya ni baba?” Sauti yake ilitulia, na utulivu huo ulikuwa mbaya kuliko kelele. “Unajua wanasemaje mgahawani? Lambros anataka miche ya bure. Umri wake wote hajachukua cha mtu. Usinipigie tena.”

Anestis alipiga mara tisa. Kiziwi wa kupenda haambiliki, na Pelagia alikuwa amezima simu.

Jumapili Anestis akapanda basi mpaka kijijini, akaenda shambani peke yake. Magogo meusi, majivu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ng'ambo ya korongo kulikuwa na kikanisa cheupe na mizeituni inayometa. Akafungua kompyuta juu ya jiwe la pembeni, la mpaka wa shamba. Katika picha yake, kikanisa kilikuwa ndani ya shamba la Mzee Lambros.

Akaelewa. Mipaka ya mashamba ya Ugiriki hupimwa kwa vipimo vya nchi yenyewe. Ukiiweka juu ya picha ya setelaiti bila kuisogeza, yote inahama karibu mita mia mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa hilo. Yeye alikuwa amesahau mstari mmoja wa kusogeza. Mashamba ya katikati ya moto yalionekana yameungua vilevile, lakini la Mzee Lambros lilikuwa ukingoni, na kompyuta ilikata la ng'ambo.

Angeweza kusahihisha kimyakimya. Badala yake aliingia mgahawani, majivu kwenye suruali, wazee wakaacha kete zao.

“Mimi ndiye niliyekata ile picha,” alisema. “Kosa ni langu. Mzee Lambros amesema kweli tangu mwanzo. Kesho nawaambia na wakubwa wangu.”

Mzee Lambros akamsogezea kiti. “Keti,” akasema. “Mletee kahawa huyu.”

Jioni simu ya Anestis ililia.

“Baba kaniambia,” Pelagia alisema.

“Nisamehe, roho yangu. Niliiamini picha kuliko wewe.”

“Ndicho kilichoniuma. Siyo miche.” Kisha akauliza, “Kilo mbili zimeisha?”

“Zimebaki zeituni tatu. Nazihesabu.”

Orodha ilisahihishwa, na mwezi wa kumi na moja miche ilifika. Walipanda watatu: Mzee Lambros, Pelagia na skafu yake nyekundu, na Anestis, mikono imejaa malengelenge.

“Mti huu utazaa baada ya miaka mitano,” Pelagia alisema akishindilia udongo. “Utakuwepo kuvuna?”

“Nitakuwepo.”

“Basi sema mbele ya baba.”

Anestis akafuta mikono kwenye suruali. “Mzee, nataka kumuoa Pelagia.”

Mzee Lambros alichukua jembe, akaburuta ncha yake ardhini kutoka kwenye jiwe la pembeni mpaka ukingo wa korongo, akarudi akihema.

“Upande huu ni wenu,” alisema, akimkabidhi jembe. “Na safari hii, mwanangu, pima vizuri.”