Alitolewa kwa Mlango wa Nyuma

Majirani zangu, wazazi, na ninyi mnaoajiri watu, nipeni masikio. Kisa hiki kilitokea mtaani kwetu, katika nyumba niliyokuwa nikipita mbele yake kila asubuhi nikienda kwenye cherehani yangu.

Ilikuwa spa, nyumba ya masaji na urembo, na asubuhi zake zilipendeza. Sakafu imepigwa deki hadi inang'aa, mataulo meupe yamekunjwa vizuri rafuni, ndara za wageni zimepangwa mlangoni, mafuta yanapata moto taratibu ndani ya bakuli la maji. Mgeni akiingia aliitwa kwa jina lake, akapewa maji ya limau, akaoshwa miguu, kisha akalazwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu na muziki wa chinichini. Nawaambia, hata mume wangu, ambaye huamka amenuna tangu nimjue, angeingia mle angetoka anapiga mluzi.

Walioiendesha ni ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa, ambaye wafanyakazi walimwita Madamu, ndiye aliyekuwa mwenye mali na mipango. Mdogo alikuwa mkandaji, na wageni walimbandika jina la Pamba kwa ulaini wa mikono yake. Mgongo uliokaza kama kamba ya kuanikia nguo ulilegea akiugusa. Baba yao alifariki wangali wadogo, na Madamu ndiye aliyemlea mdogo wake, akamfunza kazi na kumsimamia hadi akaolewa na seremala mmoja mpole. Walipendana. Mama yao alizoea kusema kwamba hata akifa leo hana wasiwasi, ameacha watu wa kushikana.

Basi siku moja mgeni fulani akaandika mtandaoni kwamba huduma ya mle ni nzuri, ila aliwakuta wafanyakazi wameketi mapokezini wakicheka, na utulivu wake ukaharibika. Maneno hayo machache yalimchoma Madamu kama mwiba chini ya kucha. Sifa, ndugu zangu, ni kama chumvi: ukishaizoea, chakula kisipokuwa nayo hakipandi. Kesho yake aliondoa viti vyote vya wafanyakazi. Akaamuru kwamba tangu siku hiyo hakuna kuketi mgeni akiwa ndani, hakuna kula kati ya mgeni na mgeni, na asiyeweza kutabasamu abaki kwao.

Wageni walifurahi kweli. Walizidi kumiminika, na nyota za sifa zikajaa kwenye simu ya Madamu. Nyuma ya mapazia, wasichana walikuwa wakiegemea kuta kwa zamu, wakivua viatu kwa siri ili vidole vipumue.

Wakati huo Pamba alikuwa mjamzito. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, aliyoisubiri miaka mingi hadi watu wenye midomo mirefu wakawa wamechoka kuuliza. Mimba ilipofika miezi sita, miguu ikaanza kumvimba. Alimwomba dada yake apunguziwe wageni, au hata apewe kigoda cha kukalia anapokanda miguu ya watu. Madamu hakumfokea. Alimshika bega, akamwambia avumilie kidogo tu, msimu wa harusi upite, kwani wageni wote wanamtaka yeye.

"Ukikaa wewe, nani asimame?" alimwuliza.

Pamba akarudi kwa wageni wake. Mtu aliyekulea, utambishia kwa mdomo gani?

Siku ya balaa ilikuwa Jumamosi. Bibi harusi mmoja alikuja na mashoga zake wote, na spa nzima ilikuwa yao. Tangu asubuhi Pamba alihisi kiuno kinakata. Alimfuata dada yake kwenye chumba cha mataulo, akamweleza kwamba maumivu haya si ya kawaida, anaomba aende hospitali. Madamu alichungulia kwenye pazia, akamwona bibi harusi ameshajilaza.

"Jikaze mdogo wangu. Mmalizie huyu, kisha uende."

Pamba akarudi. Bibi harusi alisimulia baadaye, huku akilia, kwamba hakujua lolote. Alisema mikono ile haikutetemeka. Alisinzia, na mara moja tu alisikia pumzi ya mkandaji ikivutwa kwa nguvu, akadhani ni uchovu. Pamba alimaliza, akamfunika taulo la moto, akatoka na kuufunga mlango taratibu ili asimwamshe. Hapo kwenye korido akaanguka, na damu ikaanza kutiririka miguuni.

Msichana wa mapokezi alitaka kuita watu. Madamu akamziba mdomo. Mbele walikuwa wamejaa wageni wenye majoho meupe, wanakunywa juisi na kupiga picha. Akaagiza gari la kumpeleka hospitali lizungukie uchochoro wa nyuma, kwenye mapipa ya takataka. Uchochoro ule ni mwembamba, na lori la mizigo lilikuwa limeuziba. Gari likahangaika kutafuta njia, na Pamba akalala juu ya saruji, kichwa kikiwa mapajani mwa dada yake, huku mlango wa mbele ukiwa wazi, hatua chache tu kutoka barabara kuu.

Pamba alipona. Mtoto hakupona.

Daktari hakugombeza mtu. Alisema tu kwamba mama mwenye maumivu ya namna ile huletwa yanapoanza, hangojwi aanguke.

Jioni yake Madamu aliingia wodini na chupa ndogo ya mafuta mazuri. Alipiga magoti kwenye ncha ya kitanda, akaanza kuikanda miguu ya mdogo wake kwa unyenyekevu wote. Pamba aliivuta miguu, akaificha chini ya shuka.

"Dada, mimi si mgeni wako," alisema.

Madamu akamgeukia shemeji yake, kama anayetafuta mtetezi. Yule seremala, ambaye hatukuwahi kumsikia akipandisha sauti, alikuwa ameketi dirishani.

"Ulimpitisha kwa mlango wa nyuma, shemeji," akasema.

Mama yao alikuja, akamkumbatia Pamba, akalia naye. Kwa Madamu alisimama tu, akashindwa kumlaani na akashindwa kumfariji. Yule mama alizeeka mwaka ule.

Madamu alifunga spa kwa muda. Alipofungua, aliwaomba radhi wafanyakazi wake mbele ya wageni, bila kuficha kitu. Leo wanapumzika, wanakula kwa wakati, na anayeumwa huenda kutibiwa bila kuomba mara mbili. Hayo ni mema, na ninamsifu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Alipokwenda kumwomba Pamba arudi, Pamba alimkaribisha vizuri na kumsikiliza.

"Nimekusamehe, dada. Kazini kwako sirudi."

Sasa Pamba anakanda watu nyumbani kwake, wachache, kwa nafasi yake. Madamu humtembelea. Huongea habari za hali ya hewa na afya ya mama, kama watu waliojuana juzi. Mtoto mwingine hajapatikana.

FUNZO LA KISA HIKI

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji afe. Kumfurahisha mgeni ni kazi ya heshima, na raha anayoipata inatoka katika mwili wa mtu mwingine: mwili wenye njaa, wenye uchovu, pengine umebeba mwili mwingine ndani yake. Wewe mwenye biashara, mfanyakazi wako akikuambia anaumwa, mwamini kwanza, mgeni ataelewa. Nawe mfanyakazi, usimwonee haya hata aliyekulea, ukisikia mwili unakuita, itika. Tena ninyi mnaokwenda kukandwa na kupambwa, mnapoinuka pale mkiwa wepesi, mgeukieni aliyewahudumia na mumwulize naye ameamkaje.

Sifa za wageni huandikwa leo, kesho zimesahaulika. Ndugu uliyemvunja moyo utakutana naye kila siku, hadi mwisho wa maisha yako.