Nailoni Katika Firigisi

Majirani zangu, na wewe usiyenijua, sogeeni karibu. Haya niliyaona mwenyewe, kwa sababu ukuta wa nyumba yao ndio ukuta wa nyumba yangu. Simtilii mtu chumvi. Namwomba Mwenyezi Mungu anizuie nisiseme hata neno moja lisilokuwapo.

Asubuhi, uani kwao palikuwa na utulivu wa kutamanika. Upande mmoja banda la kuku, upande wa pili stoo yenye ubaridi, na ndani ya stoo mitungi ya udongo imejipanga ukutani. Mke wa nyumba ile tulimwita Mama Mitungi. Alihifadhi mayai kwa maji ya chokaa, kama alivyofundishwa na mama yake. Alichagua yai la siku ileile, lisiloguswa na maji, kwa maana yai likioshwa huvuliwa utando wake wa kujikinga. Kisha aliligonganisha taratibu na mwenzake karibu na sikio. Likilia kama kokoto, zima hilo. Likilia kama kigae, lina ufa, linakwenda jikoni. Mazima aliyapanga ndani ya mtungi, ncha chini, akamimina maji ya chokaa mpaka yakazama, akaziba. Majira kuku walipogoma kutaga, mtaa mzima ulikula kutoka stoo ile. Shule ya watoto wadogo iliyo jirani haikununua mayai kwa mtu mwingine.

"Shemeji, hayo mayai unayasengenya nini kila siku?" Kicheko alimuuliza. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, na jina lilimfaa.

"Nayauliza kama yana ufa. Hebu lete na kichwa chako nikigonge."

"Mimi nina ufa toka tumboni. Muulize mama."

Mama mkwe, aliyekaa kwenye mkeka akiwa na mikate mapajani, hakuinua hata macho. "Wewe huna ufa, mwanangu. Wewe ulitoka kabla hujafungwa mfuniko."

Walicheka wote watatu huku mikono ikifanya kazi. Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mwenye nyumba, Bwana Kinu, alikuwa na mashine ya kusaga chakula cha kuku upande wa barabarani. Alichukua mikate na biskuti zilizopitwa na muda kutoka kiwandani, akachanganya na pumba na mifupa, akasaga. Mikate ilikuja ndani ya nailoni zake. Mama yake, mkewe na mdogo wake waliivua nailoni mmoja mmoja, kwa mikono, kabla haijaingia kwenye mashine. Ndivyo walivyofanya tangu mwanzo, na kuku wao walikuwa na manyoya ya kung'aa.

Kisha tamaa ikabisha hodi, na Bwana Kinu akaifungulia mlango mwenyewe.

Kiwanda kilianza kumletea lori zima badala ya mkokoteni. Mikate ilirundikana mpaka dirishani, wateja wakapanga foleni nje, naye akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kuanzia leo hakuna kumenya. Mkate si ndizi. Tieni hivyohivyo na nailoni yake."

"Mume wangu," Mama Mitungi alisema kwa upole, "kuku watakula nailoni?"

"Kuku anameza mawe, sembuse nailoni! Firigisi yake ni kinu kama changu."

"Mawe yanasaga chakula. Nailoni haisagi kitu, wala haisagiki. Na hayo mayai wanakula watoto wa..."

Kofi lilitua kabla hajamaliza. Yai lililokuwa mkononi mwake lilipasukia kifuani. Kicheko aliuweka chini mkate aliokuwa akiuvua, akasimama.

Mama mkwe alimfuta mkwewe kwa ncha ya nguo yake. "Mwanangu ana mzigo mkubwa, mama. Nyamaza. Ukinyamaza, naye atanyamaza."

Ndugu msomaji, hapo tuelewane. Mtu anayepiga hanyamazishwi na ukimya. Ukimya humpa nafasi ya kuinua mkono vizuri zaidi.

Nailoni ilianza kuonyesha tabia yake. Sehemu ilikatikakatika ikawa vumbi la rangirangi ndani ya chakula. Sehemu ilijisokota kwenye shafti, kile chuma kinachozunguka ndani, mpaka mashine ikaunguruma na kukwama. Hapo Bwana Kinu aliizima, Kicheko akafungua kijimlango cha ubavuni, akatumbukiza mkono mpaka begani na kuanza kukata kwa kisu. Kaka mtu alisimama kando ya swichi akimkaripia: "Fanya haraka, we gogo! Watu wanasubiri!"

Haikupita muda kuku wakaanza kudhoofu. Mmoja alikufa akiwa kiotani. Mama Mitungi alimpasua. Ndani ya firigisi alikuta bonge la nailoni, bluu na nyekundu, limekazana kama ngumi. Alilifunga kwenye kitambaa akalipeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari, mwanamke mwenye miwani mizito, aliligeuza kwa kijiti. "Hili unaloliona ndilo afadhali. Linalonitisha ni lile usiloliona. Plastiki ikisagwa huwa chembe ndogo kuliko unga. Watafiti wamekwisha kuzikuta chembe za namna hiyo ndani ya mayai, mpaka kwenye kiini."

"Zinamfanya nini mtu akila?"

"Sitakudanganya. Bado wanachunguza. Lakini mama, mtoto wako akikuomba akalale kwenye chumba usichojua kina nini, unamwambia aingie kwanza ndipo uchunguze?"

Mama Mitungi alikunja kitambaa chake. "Na chokaa? Mayai yangu nayatia kwenye chokaa."

"Chokaa inazuia uozo unaotaka kuingia. Haiwezi kutoa kilichokwisha kuingia yai likiwa bado tumboni mwa kuku."

Alirudi nyumbani na neno hilo, nami nilimwona akipita mlangoni kwangu akisogeza midomo, bila shaka akiomba. Tangu siku hiyo hakuweka yai hata moja kwenye mtungi. Mayai ya kuku wale aliyafukia nyuma ya banda, na kila alipomwona mumewe ametulia alimwambia tena: tuvue nailoni, hata tukichelewa, Mungu atatulisha.

Wakati wa kuku kuacha kutaga ulipokaribia, shule ilituma ujumbe kwamba mpishi wake atakuja kuchukua mitungi. Bwana Kinu alikwenda stoo kuihesabu. Akafungua wa kwanza, mtupu. Wa pili, mtupu. Akaita, na sauti yake ilipita ukutani kwangu kama hapakuwa na ukuta.

Alimpiga mkewe kwa mkanda wa mashine, ule mpana wa mpira. Nilisikia kila pigo na kilio kilichofuata, halafu nikasikia mapigo tu bila kilio, na hayo ndiyo yaliyonitoa mbio. Tulibisha mlango, mimi na majirani wengine, mpaka bawaba zikalegea. Alifungua kidogo, jasho likimtiririka.

"Ya nyumbani kwangu yanawahusu nini?"

"Unaua mtu!" tulimwambia.

"Namfundisha mtu."

Nyuma yake tulimwona mkewe sakafuni, sikio likivuja damu, akipapasa chini kutafuta jino lake. Tulimpeleka zahanati. Aliporudi, mitungi ilikuwa imejaa. Mumewe alikuwa ameijaza kwa mikono yake, mayai ya kuku walewale, akaiziba na kuipangusa ing'ae. Watu waliamini ile mitungi kuliko mdomo wa mtu yeyote, naye alilijua hilo.

Siku ya mpishi kuja, mimi nilikuwa kwenye foleni ya mashine na ndoo yangu ya pumba. Mashine ilikuwa imekwama tena. Kicheko alikuwa amepiga magoti, mkono umezama ubavuni mwa chuma, akikata nailoni. Bwana Kinu alikuwa karibu na swichi akitabasamu na mpishi wa shule, mama mnene mwenye aproni.

"Mitungi iko tayari, dada yangu. Mayai ya uhakika, yametulia kama maharusi."

Ndipo tukasikia mshindo uani. Kisha mwingine. Tulichungulia. Mama Mitungi, shavu bado limevimba, alikuwa ameitoa ile mitungi, aliyoirithi kwa mama yake mzazi, naye ameshika mchi kwa mikono miwili. Aliupiga wa tatu ukafumuka, maji meupe na viini vikamwagika mpaka miguuni pake.

"Mpishi!" alipaza sauti. "Haya mayai usiwapikie watoto! Kuku wamelishwa nailoni! Mikate inasagwa na..."

Watu foleni nzima waligeuza shingo. Tabasamu la Bwana Kinu lilikauka.

"Nyamaza, mwanamke!"

"Inasagwa na nailoni zake! Nimeipasua firigisi, nimeiona!"

"Nimesema nyamaza! Leo itasikika mashine, si wewe!"

Akapiga swichi.

Alitaka kelele tu. Alitaka ile ngurumo ifunike sauti ya mkewe kama alivyozoea kuifunika kwa mkono. Hasira ilimsahaulisha aliyepiga magoti pale chini. Mashine ilinguruma, ikasita, ikanguruma tena kwa sauti nzito, na juu ya ngurumo hiyo kikapanda kilio cha Kicheko ambacho mpaka leo kinanikatiza sala zangu.

Damu iliruka mpaka kwenye magunia. Bwana Kinu aliganda, macho yamemtoka. Aliyekimbia ni mkewe. Alipita katikati yetu miguu mitupu, akazima swichi, akapiga magoti kwenye damu, akavua mtandio wake na kuufunga mkono wa shemeji yake juu ya kiwiko, akaukaza kwa meno yake yaliyobaki. Chini ya kiwiko hapakuwa na kitu cha kufungwa.

"Nitazame, Kicheko. Nitazame mimi. Usifumbe macho."

"Shemeji," alinong'ona, midomo imekuwa kama majivu, "sasa nina ufa kweli."

Bwana Kinu alizinduka. Badala ya kumwinamia mdogo wake, aliuokota ule mchi. "Ni yeye!" alibweka. "Huyu mwanamke ndiye aliyeniletea haya!" Akamwendea mkewe kwa nyuma.

Mama mkwe alijitupa katikati. Mchi ukampata begani, mfupa ukalia, tukausikia. Akaanguka, lakini aliikumbatia miguu ya mwanawe asipite.

Hapo foleni nzima ilimrukia. Walimpiga kwa ndoo, kwa ngumi, kwa mateke, na wengine walikwisha kuokota vigae vya mitungi wamkate navyo. Wangemuua. Nasema mbele ya Mungu, wangemuua. Aliyewazuia ni yuleyule aliyepigwa kwa mkanda.

"Mwacheni!" alisema, mikono bado imekaza mtandio. "Damu ya leo imetosha. Iteni gari la wagonjwa na la polisi."

Kicheko aliishi. Mkono haukurudi.

Mahakamani, wakili wa Bwana Kinu alidai kuwa yote yalikuwa bahati mbaya na ugomvi wa kawaida wa mke na mume. Hakimu akamwita mama mkwe. Alipanda kizimbani bega likiwa limefungwa.

"Mama, mshtakiwa ni nani wako?"

"Ni mwanangu wa kwanza."

"Na aliyekatwa mkono?"

"Ni mwanangu wa mwisho." Alivuta pumzi. "Nilimwambia mkwe wangu anyamaze ili nyumba ipone. Nimekuja kusema kwa niaba yake, maana mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Mwanangu amempiga mkewe miaka mingi mbele ya macho yangu. Mfungeni."

Wakamfunga. Alipotolewa alimwita mama yake mara mbili, naye bibi alilia kwa sauti, lakini hakugeuka.

Kuku wote walichinjwa wakafukiwa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Chakula kilichosagwa kiliteketezwa mbali na makazi. Mashine ilisafishwa, ikawekewa kifuniko cha chuma na kufuli, na ufunguo ukavaliwa shingoni na Mama Mitungi. Foleni ikarudi, kwa sababu watu wana kuku na kuku wana njaa.

Juzi nilikuwa pale. Kicheko alikuwa kwenye mkeka karibu na mama yake. Aliubana mkate kwapani kwa kile kipande cha mkono, akaivuta nailoni kwa mkono mzima, akaikung'uta, akaiweka pembeni, akachukua mkate mwingine. Alikwenda taratibu mno. Kijana mmoja nyuma yangu akaguna: "Ah, kaka, ongeza mwendo! Tutalala hapa?"

Kicheko aliinua kile kipande akampungia nacho.

"Subiri, bwana. Haraka ilishakula mkono wangu ikashiba. Njoo ukae hapa, una mikono miwili, tuvue pamoja."

Kijana akatazama chini, akaweka ndoo yake, akakaa.

FUNZO

Ndugu zangu, hadithi hii inatufundisha kwamba tamaa haiishii mahali ilipoanzia. Mtu aliyekubali kumlisha kuku uchafu kwa sababu kuku hasemi, atampiga mke ili naye asiseme.

Unayefuga, vua nailoni. Usiseme chembe haionekani. Mengi yanayotudhuru hatuyaoni, na mtoto aliyefunguliwa mdomo na mama yake hawezi kuchagua kijiko. Tena usidhani jina zuri au njia nzuri ya kuhifadhi itakisafisha kilichoharibika toka ndani. Chokaa ni mlinzi wa mlango, si mtakasaji wa moyo.

Na wewe mzee unayemwambia mwanamke avumilie ili nyumba isimame, jiulize nyumba hiyo imesimama juu ya mgongo wa nani. Ukisikia kipigo ukutani, toka. Bisha mlango. Ita wenzako, ita polisi. Lakini ukimkamata mkosaji usimuue, maana hukumu si yako.

Ee Mungu, tupe macho ya kuona kilicho ndani ya riziki yetu, na utupe ulimi wa kusema kabla mtu hajaishika swichi. Amina.