Shahidi wa Kisiba

"Ndizi zimeiva."

Sauti ya Benson ilikwaruza ndani ya redio ya Motorola, ikapotea. Tusajigwe alisimama, mswaki mdomoni.

"Rudia."

"Zimeiva zote. Asubuhi hii."

Akatema povu. Akauweka mswaki chini.

Maneno yale yalikuwa na maana moja tu. Adui amemjua shahidi.

Ilikuwa Machi 1998. Mtaani Bulyaga, mjini Tukuyu, majirani walimjua Tusajigwe kama mkaguzi wa majani ya chai. Hawakujua kwamba chini ya godoro lake kulikuwa na bastola ya Makarov, na bahasha ya Idara ya Usalama yenye picha ya mzungu mmoja aitwaye Verhoek.

Verhoek alikuwa na shirika lake la msaada, Nuru Mpya. Siku hizo biashara ilikuwa imefunguliwa milango; kila mtu aliingiza alichotaka, na makontena yake yalipita mpakani Kasumulu bila maswali mengi. Alileta dawa za saratani. Dawa hizo zilikuwa zimekwisha muda huko Ulaya miaka mitano nyuma. Alizibandika karatasi mpya zenye tarehe mpya. Nyingi aliziuza nchi jirani. Zilizobaki wauguzi wake waliwachoma wanawake wa Rungwe, ili apate picha za kuwaonyesha wafadhili.

Wanawake walikuwa wanakufa.

Aliyegundua alikuwa Veronika, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba aliyebaki kijijini Kisiba baada ya kustaafu. Naye alikuwa na saratani ya titi. Aliandika majina ya wenzake kwenye daftari la shule, kisha akaandika barua kwa muungano wa wagonjwa wa saratani wa Ulaya. Hawa walikuwa wagonjwa wenyewe, waliozunguka nchi hadi nchi wakiwabana wabunge. Sasa walidai sheria: dawa ya saratani iliyokwisha muda isitoke Ulaya, hata kwa jina la msaada.

Wabunge wangewasikiliza Alhamisi, mjini Brussels. Muungano ulihitaji kitu kimoja. Shahidi, na chupa mkononi.

Ndege ingeondoka Mbeya saa nane mchana. Leo.

Tusajigwe aliwasha pikipiki yake, Yamaha DT 125, na kuteremka kuelekea Kisiba. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuiona migomba ya pembeni. Aliisikia tu ikidondosha maji.

*

Veronika alikuwa mlangoni, kilemba kichwani, begi miguuni. Alikuwa amekonda mno.

"Mwalimu, twende. Wanakuja."

"Nani kawaambia?"

"Sijui. Chupa iko wapi?"

Veronika akagusa kifua, upande ule ambao titi lilikuwa limekatwa. "Humu. Nani atapapekua hapa?"

Injini ya gari ikasikika ng'ambo ya kilima. Hilux. Ilikuwa inapanda kwa gia ya kwanza, na njia ya kutokea ilikuwa ile ile moja.

Tusajigwe akamshika mkono. Wakaingia migombani.

Waliteremka kuelekea ziwa lililokuwa bondeni, wakiteleza, wakishikilia mashina. Baada ya hatua mia mbili Veronika akapiga magoti.

"Mwanangu, miguu imekataa."

Wakalala chini ya majani makavu. Tusajigwe akaingiza risasi kwenye chemba ya bastola. Alijaribu kuhesabu pumzi zake akashindwa. Mafunzoni walimwambia woga huisha kazi ikianza. Walimdanganya.

Juu yao milango miwili ya gari ikafungwa.

"Mwalimu?" Sauti ilikuwa ya upole, ikisalimia kwa Kinyakyusa. "Ugonile, Mwalimu? Tumekuja na sindano yako."

Veronika akauma upindo wa kanga yake.

"Ni Lusungu," alinong'ona. "Nesi wao. Ni kijana wa hapa hapa, wa kijiji cha Nkunga."

"Nyumba ni tupu," Verhoek akasema kwa Kiswahili kigumu. "Pikipiki bado ya moto. Tafuta chini."

Tusajigwe akabonyeza Motorola, kisikilizio kikiwa sikioni. Benson, mkuu wake, alikuwa kilimani juu ya Tukuyu, ndani ya Land Rover yenye antena ndefu na mtambo uliokwisha kunasa masafa ya Nuru Mpya.

"Ingia kwenye redio yao," alinong'ona. "Sema ghala limevamiwa."

"Ghala hatulijui lilipo."

"Yeye analijua. Mfuateni."

Matone. Hatua za Lusungu zikikanyaga majani makavu, taratibu, zikija.

Kisha redio ya Hilux ikapiga kelele: "Bosi, polisi wako ghalani. Wanavunja mlango. Bosi, njoo."

Verhoek alitukana kwa lugha yake. "Lusungu, malizia hapa!"

Hilux ikageuka kwa nguvu na kuondoka. Mmoja kaenda. Tusajigwe alitaka kushusha pumzi.

Hakupata nafasi.

Lusungu alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwao. Mkono wa kulia bastola ya Browning, wa kushoto bomba la sindano lililojaa.

"Weka chini, dada," alisema.

"Weka wewe."

Mdomo wa Makarov ulikuwa unacheza. Lusungu aliuona ukicheza. Akasogea hatua moja.

Veronika ndiye aliyeketi. Alitoa daftari begini na kulifungua kama yuko darasani.

"Lusungu. Mama yako ni Generosa wa Nkunga?"

"Mwache mama yangu."

"Namba kumi na tisa. Sindano sita. Chupa zenye alama 417."

"Uongo. Nilimchoma mwenyewe. Verhoek alinipa boksi la peke yake, jipya."

"Baba, hakuna boksi jipya." Akatoa chupa ndogo kifuani. "Chupa hii nimepewa na mama yako. Alikuwa ameigeuza ya kuwekea chumvi. Kwangua hiyo karatasi mwenyewe."

Akairusha. Ikaangukia kwenye majani, karibu na buti lake.

Tusajigwe aliacha kupumua. Ushahidi wote ulikuwa pale chini.

Lusungu aliitazama muda mrefu. Alitupa bomba la sindano, akaiokota chupa, akakwangua kwa ukucha. Karatasi ya juu ikachanika kona. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine, ya zamani.

1993.

"Wiki iliyopita ameniuliza kwa nini maumivu hayapungui," alisema. "Nikamwambia avumilie."

Browning ikaanguka. Naye akakaa kwenye tope.

Tusajigwe akaichukua bastola, kisha chupa. Chupa akamrudishia Veronika.

"Mwalimu hawezi kupanda," alisema. "Mbebe."

Lusungu akainama. Mwanamke ambaye Lusungu alitumwa kumuua akamkalia mgongoni, mikono shingoni mwake. Walipanda hivyo hadi barabarani, Makarov nyuma yao. Saa nne unusu Land Rover ya Benson ikatokea ukunguni.

"Verhoek?" Tusajigwe aliuliza.

"Ametupeleka mwenyewe. Ghala liko nyuma ya kinu cha kupasulia mbao. Alishuka na funguo mkononi, tukamkamata."

*

Ijumaa simu ililia posta ya Tukuyu, kibanda cha pili.

"Amezungumza," Benson alisema. "Mbunge mmoja alitaka kuishika chupa. Mwalimu akakataa kumpa mpaka asome tarehe zote mbili kwa sauti, ukumbi usikie."

"Akasoma?"

"Akasoma. Kura ni mwezi ujao. Lakini ghala la kule Ulaya lililomuuzia Verhoek limetiwa kufuli jana ile ile."

"Na wanawake wa daftarini?"

"Gari la Dar litafika Nkunga saa nne, kuwapeleka hospitali. Generosa ni wa kwanza kupanda. Lusungu anaeleza kila kitu, ila ameomba mama yake asiambiwe yuko wapi."

"Nitamwambia yuko kazini."

Benson akauliza: "Uliogopa?"

"Mpaka sasa naogopa."

Akaweka simu chini. Nje mvua ilikuwa imeanza. Tusajigwe alifunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akapita katikati ya wauza maparachichi bila haraka, akashika njia ya Nkunga.