Sarafu Isiyokuwa Sarafu

Kila alasiri, mama yake akiwa kwenye cherehani, Chiriku alimchezesha mdogo wake mchezo wa duka. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mdogo wake, Kibonge, alikuwa na miaka miwili, na kila alichokiona alikionja.

Siku hiyo sarafu za kuchezea zilikuwa chache. Chiriku akafungua saa ndogo ya mezani, ingawa alikatazwa kuigusa, akatoa betri bapa inayong'aa.

"Haya mteja, chenji yako hii!"

Alipogeuka kupanga vikopo vyake, Kibonge akaimeza. Akakohoa, mate yakamtiririka.

Mama alikuja mbio. "Amemeza nini?"

"Sarafu, mama. Ile ya rangi mbili."

Hospitalini, daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Kooni palionekana duara lenye pete pembeni. Akatoa mfukoni sarafu ya rangi mbili.

"Katikati hapa ni chuma kilichopakwa nikeli, ukingo huu wa njano una shaba," alisema. "Hubanwa pamoja ili wahalifu washindwe kuighushi. Kwenye picha, inaweza kuonekana na pete. Lakini betri ya saa nayo huonekana hivyo hivyo. Kama ni sarafu, na mtoto anapumua vizuri, tunaweza kusubiri kidogo. Betri haisubiri, inachoma koo. Binti, una hakika ilikuwa sarafu?"

Chiriku akaiangalia sarafu mkononi mwa daktari. Akamtazama Kibonge akigumia mapajani mwa mama. Machozi yakamlengalenga.

"Ni betri, daktari. Niliitoa kwenye saa. Mama, nisamehe!"

Mama alifumba macho. Daktari alikuwa ameshambeba Kibonge, anaita wauguzi huku akikimbilia chumba cha upasuaji.

Walikaa kwenye benchi, bega kwa bega, mpaka daktari akarudi na kichupa chenye betri iliyopata weusi upande mmoja.

"Koo limeungua kidogo, litapona. Tungechelewa, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine."

Mama akashusha pumzi, akamvuta Chiriku kifuani.

"Kuchezea usichokijua mbele ya mtoto ni kosa, mwanangu. Lakini uongo ndio uliotaka kutupokonya mdogo wako. Ukikosea, sema mapema. Kugombezwa hakuui."