Jina la Mwanaume Kwenye Simu ya Mukwe Wangu

Vijana mutakaosoma maneno haya, munisikilize vizuri. Nina miaka sitini na nane. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, kule ng'ambo ya Kongo, kabla sijavuka ziwa na mutoto wangu mumoja mugongoni. Nauza samaki wakavu hapa Kashikishi, upande huu wa ziwa. Kosa nitakalolisema ni langu. Sitamutwika mutu mungine.

Nyumba yetu niliinunua mwenyewe, kwa samaki wangu, kwa mwanaume mumoja tuliyemuita Bashi Meri, maana yake baba yake Meri. Alihamia Mansa na sikumuona tena.

Kila mwezi nilikuwa nalipia umeme mwenyewe. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikabeba kikaratasi chenye namba ya mita, nikaenda kusimama mustari kule ofisini. Wanamama waliniamkia. Waliniuliza habari za nyumba. Nyumba yangu! Mutu aliyefika hapa na furushi moja la nguo... munaelewa furaha ile?

Kiisha mutoto wangu Ilunga akaoa Odette, binti wa kijiji cha Kafutuma, aliyesoma mpaka akamaliza. Walipopata watoto wawili, Ilunga akapata kazi ya mugodi kule Solwezi, akaenda peke yake, sisi tukabaki. Mushahara ukawa unaingia banki, na banki ile akaiweka ndani ya simu ya muke wake.

Siku moja nimevaa kitenge changu, nataka kutoka. Odette akaniambia kwa heshima, "Mama, mukae tu. Umeme nimekwisha kulipia. Na maji, na televizheni ya batoto."

"Umelipia wapi na hujatoka nje?"

"Hapa hapa, mama. Kwa simu."

Alikuwa anamenya mihogo! Amekaa chini, miguu ameinyoosha, na nyumba yangu ameilipia!

Nilivua kitenge. Siku ile wivu uliniingia, na ninasema wivu kwa sababu hakuna jina lingine. Niliona mutoto wangu amenitoa, ameweka mugeni. Akibonyeza simu yake, moyo unaniwaka. Akicheka nayo, nasema ananicheka mimi. Chakula chake nilikionja, nikasema chumvi imezidi, na chumvi haikuzidi.

Jirani yangu, Mama Kabwe, alijua kunichochea. "We mama Ilunga, siku hizi hatukuoni ofisini! Bamekustaafisha?" Anacheka mpaka anashika tumbo. Nami nacheka naye, lakini ndani nakufa.

Basi mchana mumoja Odette aliingia kuoga, simu akaiacha juu ya kitanda. Niliichukua... ndiyo, niliichukua! Nikampelekea Mama Kabwe asome. Alisonga juu, akasonga chini, akatoa macho.

"Kizungu kirefu hiki, siwezi kukimaliza. Lakini hii ya banki inasema pesa imelipwa. Na jina liko hapa wazi. Kalenga Mwape. Mwezi huu Kalenga Mwape. Mwezi uliopita Kalenga Mwape. Mama, huyu Kalenga njo nani?"

Sikumujua Kalenga yeyote. Na vijana, niwaambie ukweli wote: sikuhuzunika. Nilifurahi! Nilisema, leo nimekupata.

Odette alitoka kuoga akanikuta mulangoni nimeshika simu yake. Nilimuuliza Kalenga ni nani. Hakutetemeka hata kidogo.

"Mama, ile njo umeme. Nikilipia, jina lile linatoka lenyewe."

"Umeme iko na jina ya mwanaume tangu lini?"

Majirani wote walisikia. Wengine walipiga makofi. Nilimupigia Ilunga, nikalia kwenye simu kama mutu aliyefiwa. Odette alitaka kuongea naye, nikamugeuzia mugongo. Ilunga hakuuliza hata swali moja. Alisema tu, "Arudi kwao." Haraka vile! Mutu anayependa muke wake anasema haraka vile? Lakini masikio yangu yalikuwa yameziba.

Odette alifunga vitu vyake, akamubeba mudogo, mukubwa akamushika mukono. Alipopita mbele yangu nilicheka. Nilicheka kwa sauti...

Wiki mbili hazikutimia, umeme ukakatika. Nikatafuta kitenge changu kizuri, nikaenda kusimama mustari, kichwa juu. Binti wa ofisini akachukua kikaratasi changu, akaangalia mashine yake.

"Mayo," akaniita, yaani mama, "hii mita ni ya Kalenga Mwape?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia aseme tena. Akasema tena.

"Mita ni ya kwangu! Kalenga ni nani?"

Mwanamke mumoja nyuma yangu akaangua kicheko. "Ee mayo! Si njo Bashi Meri aliyekuuzia nyumba! Hukubadilisha jina?"

Miaka yote ile tulimuita kwa jina la mutoto wake, kama tunavyoitana wote hapa. Jina lake mwenyewe sikuwahi kuliuliza. Na kwenye mustari ule nililipa miaka mingapi? Hakuna aliyenisomea jina lile kwenye risiti.

Umeme nililipa. Sijui nilifikaje nyumbani.

Asubuhi yake nilienda Kafutuma na kuku wawili. Nilipiga magoti mbele ya mama yake Odette, mimi na mvi zangu. Odette alitoka shambani, mikono ina udongo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "juu ya Kalenga sikukasirika. Hamukujua. Nilikasirika juu ya kile kicheko."

Nilimuomba radhi juu ya kicheko kile pia.

Nilimupigia Ilunga arudishe muke wake. Akasema nisisumbuke, yuko na mwanamke mwingine kule Solwezi, na huyo ana mimba ya miezi sita. Miezi sita! Muhesabu wenyewe. Alikuwa anatafuta mulango wa kumutolea Odette, na mulango niliufungua mimi, mama yake, kwa mikono yangu.

Nawaomba, simu ya mutu musiishike. Na mukiona kitu, mumuulize mutu mwenyewe, munyamaze, musikilize jibu lake mpaka liishe. Mimi niliuliza, lakini sikusikiliza.

Odette nilimurudisha pamoja na watoto, si kama muke wa Ilunga, kama binti yangu. Hanichekei bado. Namungojea. Juzi Ilunga alipiga simu kwamba anakuja na yule wa Solwezi tumupokee. Niliita wote walio nyumbani, nikasimama, nikaamuru: Ilunga akija peke yake, mumupe maji anywe. Akija naye, mufunge mulango, na aliye ndani asijibu hodi mpaka Odette mwenyewe aseme mufungue.