Ufunguo wa Gari la Fedha

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya ngano Merv Schirmer alipofika yadi ya magari chakavu, daftari la vipimo kwapani. Miezi minne alikuwa anapanga kuhamisha injini: uzito, vishikizo, pa kukaa rejeta. Injini ya gari la mbio la Tegan ilikuwa imekufa, na Tegan ndiye mtoto pekee aliyejaliwa na Mungu.

"Kuna lile la fedha kule nyuma," alisema Noelene, mwenye yadi. "Lilikutwa barabara ya Karoonda linanguruma. Milango imefungwa, mkanda umefungwa, dereva hayupo. Mpaka leo hajaonekana."

"Lilinguruma muda gani?"

"Mpaka mafuta yalipoisha. Usiku kucha."

"Loo! Hiyo ndiyo injini sasa!"

"Merv, nyie watu wa mbio wazimu. Nakwambia mtu kapotea, wewe unasifia injini!"

Merv alicheka. Laiti angejua.

Alipofungua boneti, harufu ya udongo uliolowa mvua ikamjia. Mvua? Ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukame.

Ndani ya gari alikuwa amekaa mwanamke. Miguu mitupu. Nywele zinachuruzika maji.

"Injini chukua..." alinong'ona. "Ufunguo uache."

"Dada, umenishtua! Haiwaki bila ufunguo wake. Kompyuta yake inautambua huo tu."

"Najua."

Merv aligeuka kuokota spana. Alipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu.

Mkanda umefungwa.

Alirudi nyuma hatua moja. Lakini kila anayehamisha injini anajua: injini, kompyuta na ufunguo havitenganishwi. Na vipimo vyote vilikuwa vimekubali! Akauchomoa ufunguo kwenye swichi, akautia mfukoni.

Wiki tatu baadaye, jioni, yeye na Tegan walikuwa kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji kulijaribu gari. Injini iliwaka mara moja, laini kabisa.

"Baba," Tegan aliita toka ndani, "mbona humu kunanuka mvua?"

Merv akakimbilia dirishani.

"Shuka kidogo, mwanangu."

"Kwani kuna nini?"

Angesema nini? Mtu mzima, fundi, aseme ameona mzuka?

"Acha uoga, mzee. Mizunguko mitatu tu!"

Mzunguko wa kwanza, Tegan alimpungia mkono. Wa pili, akapunga tena.

Wa tatu...

Mkono haukuonekana.

Gari likapunguza mwendo lenyewe, likasimama mbele yake. Milango imefungwa. Mkanda umefungwa. Kofia ya Tegan ilikuwa juu ya kiti, na kiti kimelowa chapachapa.

Merv alipiga ukelele, akauchomoa ufunguo.

Injini haikuzima.

Walimtafuta Tegan siku tisa, polisi na mji mzima. Hata unyayo hawakuuona.

Siku ya kumi Noelene alimkuta Merv palepale uwanjani, macho mekundu, amekumbatia dumu la petroli. Injini ya gari bado inanguruma.

"Izime, Merv. Twende nyumbani ukale."

"Haizimiki."

"Basi acha kuijaza mafuta! Itazima yenyewe."

Merv alitikisa kichwa huku machozi yakimtoka.

"Yule wa kwanza, Noelene... si mafuta yalimwishia? Na hakurudi."

Akafungua kifuniko, akamimina polepole, asimwage hata tone.